Nilipomgeukia Shee, Kisomali Kikanitoka

Jumatano, Kismayo. Joto tangu alfajiri. Upepo umekata na umeme umekata nao, kana kwamba wameagana. Hali yangu si ya huzuni wala si ya furaha. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu asubuhi na haliniachi nile vizuri, na mimi jambo likinikaa hivyo lazima nilifungue nione ndani mna nini. Nilipokuwa mtoto nilifungua redio ya baba. Haikufungika tena.

Basi leo nafungua jingine.

Kwa aliyefika hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni ushauri wa ndoa na familia. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la dawa, si mbali na soko la samaki, na hilo duka linatusaidia sana, kwa sababu watu huja wakijifanya wanafuata dawa ya kichwa, kisha wakiona hakuna anayewatazama wanachepuka wanapanda ngazi. Mimi ni Mbajuni, wa watu wa visiwa vya pwani hii ya Somalia. Nilizaliwa mji huu, nikakulia kambi ya wakimbizi Mombasa, nikarudi nikiwa mtu mzima na watoto wawili. Mwenzangu kazini ni Abdi, Msomali, aliyekuwa mwalimu wa shule, mtu wa taratibu zake. Ukisogeza kalamu yake mezani anairudisha palepale huku anaendelea kuzungumza.

Abdi na mimi tuna kanuni moja tunayoipenda. Mke na mume wakija, tunakaa wanne. Mimi namshughulikia mke, Abdi anamshughulikia mume. Mwanamume hufunguka mbele ya mwanamume mwenziwe, mwanamke mbele ya mwanamke. Ndivyo tulivyoambiwa kwenye mafunzo na ndivyo tulivyoona ni heshima. Sijawahi kuiuliza kanuni hiyo swali hata moja. Mimi huyu, ninayewasumbua wauza chumvi kwa nini chumvi yao inashikana!

Wanandoa wa leo nitawaita Somoe na Shee. Majina yao si hayo. Asili yao ni Kudha, kisiwani, na sasa wanaishi hapa mjini na watoto wao kwenye nyumba ya kupanga. Somoe anauza samaki. Shee ni fundi wa mashua. Akiingia ofisini, chumba kizima kinanuka mafuta ya papa, na yeye anajua, ndiyo maana hukaa kiti cha karibu na mlango.

Ugomvi wao ni wa nyumba.

Kwetu visiwani, baba akijaaliwa humjengea binti yake nyumba, na akiolewa, bwana harusi ndiye anayehamia. Nyumba ni ya mke. Baba yake Somoe alimjengea yake kabla ya vurugu za vita kuanza, Somoe mwenyewe akiwa bado mtoto wa kuchezea mchanga. Paa limeshaanguka lakini kuta za mawe zimesimama. Watu wameanza kurudi Kudha mmoja mmoja, na binamu yake Somoe amempigia simu kumwambia kwamba nyumba ikizidi kukaa tupu, atatokea mtu ataingia aseme ni yake. Somoe anataka warudi wakaishi kwao.

Shee amesema, "Hatuendi."

Basi. Jawabu lake lote ni hilo. Akiulizwa kwa nini, analirudia, kisha anavaa ndara anatoka. Wameishi na jawabu hilo tangu simu ya binamu ilipokuja, na Somoe amelichoka. Kikao kilichopita alituambia kwamba Jumamosi hii atakwenda kwa kadhi kuomba aachwe. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki changu. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu wanaolia mbele yangu huwa bado wanakitaka kitu, na yeye hakulia.

Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho kwetu kabla ya Jumamosi.

Kabla sijasimulia kilichotokea, nataka niandike tulivyokuwa tunafikiri, maana nikishajua mwisho nitajidanganya kwamba nilijua tangu mwanzo. Somoe aliamini Shee anaona aibu kuhamia nyumba ya mkewe. Hapa mjini tumechanganyika na wenzetu Wasomali, kwao mke ndiye anayemfuata mume, na mafundi wenzake Shee wangemcheka. Mimi sikusema kitu lakini moyoni niliitikia. Nilimwona Shee kama wale wanaume wetu waliojifunza ubwana ukubwani. Abdi alifikiri kinyume. Aliona mume ndiye anayeamua familia ikae wapi, na tatizo la Shee ni kwamba ameamua bila kueleza, kwa hiyo kila kikao alimwambia, "Walaal, wewe ni mwanamume, jikaze, keti na mkeo umfahamishe kwa upole." Walaal ni ndugu, kwa Kisomali.

Ukitazama vizuri, sote watatu tulikuwa tumekubaliana. Shee ni mwanamume, na hiyo ndiyo sababu. Tulibishana tu kama sababu hiyo ni nzuri au mbaya.

Asubuhi Abdi akanipigia simu. Barabara imefungwa kwenye kizuizi, kuna msafara wa wakubwa unapita, hajui atafunguliwa saa ngapi. Somoe na Shee walishafika, kila mmoja kwenye kiti chake, yeye upande wangu, mumewe mlangoni. Nikawauliza kama tungoje au tuanze. Somoe akasema tuanze, samaki wake ameachiwa jirani na jua ni kali.

Nikaanza naye. Nikamwambia, "Dada yangu, leo umekuya na moyo gani?" Kwa Kibajuni, kama siku zote. Tukazungumza kidogo. Kisha nikageuza kiti, nikamtazama Shee, nikamwita walaal, nikamuuliza yeye analionaje jambo hili.

Kwa Kisomali.

Shee akajibu kwa Kisomali, "Hatuendi."

Na hapo nikajisikia. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama unapoimba na redio halafu redio inazimika ghafla, unabaki na sauti yako peke yake. Chumbani tulikuwa Wabajuni watatu. Abdi hayupo. Hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyehitaji Kisomali, wala aliyekiomba, na mimi nilipogeuka tu kumkabili mwanamume, Kisomali kikanitoka chenyewe.

Siku zote nilikuwa na udhuru wangu. Nazungumza na Shee kwa Kisomali kwa ajili ya Abdi, maana Abdi hajui Kibajuni. Lakini mbona na Somoe sikuwahi kuzungumza Kisomali, hata Abdi akiwa ameketi hapo hapo? Somoe husema kwa Kibajuni, anaeleza, anapanga hoja zake, Abdi anangoja, na mimi nikimaliza kusikiliza namgeukia Abdi namtafsiria. Namtafsiria nini? Nilijaribu kukumbuka nikiwa nimekaa palepale, na nilichokumbuka kilinichoma. Somoe angesema habari ya kuta, ya binamu, ya shule ya watoto, ya nani atamuuzia samaki kule, na mimi ningemwambia Abdi, "Anasema amechoka."

Nilimfanya mwanamke mwenye mpango kuwa mwanamke aliyechoka. Na nilikuwa namwonea huruma kweli, hilo ndilo linalonishangaza.

Sasa mume. Nikamtazama Shee pale mlangoni. Kisomali chake ni kizuri, hakina kasoro. Ila ni cha mtu aliyepita vizuizi vingi. Wewe nani, kabila gani, unatoka wapi, umebeba nini? Unajibu kifupi, unatazama chini, unapita. Kwa Abdi, Kisomali ni lugha ya bibi yake, ya utani na kuapizana na kubembelezana. Nimemsikia akiongea na mama yake kwenye simu nikatamani ningekuwa mimi. Shee hakukipata Kisomali kwa bibi. Alikipatia pwani, kwa watu wenye bunduki. Nami wiki zote hizi nilikuwa namwuliza habari za ndani ya ndoa yake kwa sauti ya kizuizini, kisha nalalamika kwamba anajibu maneno mawili.

Najua hivyo kwa sababu na mimi nilikipatia huko huko, nikiwa nyuma ya gauni la mama.

Basi nikajaribu. Si kwa ujuzi wowote, ni udadisi tu, nilitaka kuona itakuwaje. Nikasogeza kiti, nikamwambia kwa Kibajuni, "Nduu yangu Shee. Hapa hakuna mchu mwingine, ni sisi. Kule Kudha kuna kichu gani?"

Akatazama mlango. Nikadhani anatafuta ndara zake. Akautazama muda, halafu akatazama mikono yake, na alipofungua mdomo sauti ilikuwa nyingine, ya chini zaidi na ya polepole, sauti ya mtu wa kwetu.

Alichosema nakiandika kwa sababu yeye mwenyewe ameniruhusu. Maandishi haya niliyaandika siku ile ile lakini sikuyatoa mpaka wote wawili waliposomewa, kila mmoja kwa wakati wake, na nilimwambia Shee naweza kuipita sehemu hii. Akasema niiache.

Akasema, "Wachu walipoingia Kudha, mama alinivika buibui lake."

Alikuwa mvulana anayeanza kubalehe. Wenye bunduki walikuwa wanawatenga wanaume na wanawake. Mama yake alikuwa na mabuibui mawili, akamvika yeye moja, jingine akampa kaka yake. Shee akaingia katikati ya wanawake akainamisha kichwa. Wanawake wakambana, shangazi mmoja akamkalisha mapajani kama msichana mgonjwa.

"Nduu yangu alikataa," akasema. "Alisema yeye si mchu mke. Wakamchukua."

Hakurudi. Shee hakusema zaidi juu ya hilo, na mimi, kwa mara moja katika maisha yangu, sikuuliza. Alisema tu kwamba ukuta waliouegemea wanawake siku ile ni ukuta wa baraza ya baba yake Somoe. Nyumba ni hiyo hiyo. Akihamia nyumba hiyo ataingia kila siku akipita pale.

Somoe alikuwa amegeuka mzima kwenye kiti. Alimwoa, samahani, aliolewa naye akiwa msichana, wamezaa, wamezikiana wazazi, na hakuwa anajua. Alijua kaka yake Shee alipotea wakati wa vurugu, kama kila mtu alivyo na wake aliyepotea. Habari ya buibui hakuijua.

Hapo mlango ukagongwa.

Shee akakatika katikati ya neno, na uso wake ukarudi ule wa zamani, kwa haraka ambayo sijapata kuiona. Nikatoka. Abdi alikuwa ameloa jasho, shati limemganda, anahema kwa ngazi. Nikamwomba anisubiri chumba cha pili. Akanishangaa. "Lakini huyo ni wangu," akaniambia, akimaanisha Shee. Alikuwa ameumia kweli. Nikamwambia nitamweleza, nikafunga mlango.

Niliporudi nilimuuliza Shee swali ambalo ndilo lililonikaa kichwani mpaka sasa. Nilimuuliza kama angeweza kumwambia Abdi haya, wakiwa wawili, mwanamume na mwanamume.

Akanitazama kama mtu asiyeamini nimeuliza. "Mwanamume? Dada, mimi nilivaa buibui."

Basi.

Kanuni yetu yote ile nzuri, mwanamume kwa mwanamume, iliegemea dhana kwamba aibu ya mwanamume iko mbele ya wanawake. Aibu ya Shee iko mbele ya wanaume. Wanawake ndio waliomficha. Kila tulipomkalisha na Abdi, mtu mpole, mtu mwema, tulikuwa tunamweka mbele ya macho yale yale anayoyakimbia, kisha Abdi anamwambia ajikaze, yeye ni mwanamume. Kaka yake alijikaza.

Sijui kama nimelieleza vizuri. Nalizungusha tangu asubuhi.

Mtadhani Somoe alimwangukia mumewe kwa machozi. Hapana. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, halafu akawa mkali. "Miaka yote nalala na wewe, Shee. Umeniacha nikakuona una kiburi." Na Shee akasema, "Kiburi ni bora." Somoe akapiga ulimi.

Baada ya hapo Shee akaniambia Abdi aitwe, amengoja sana, ila hayo yabaki hapa kwanza. Abdi akaingia, akaketi, akapanga kalamu zake. Nikamwambia Somoe, kwa Kisomali, "Abaayo, mweleze Abdi mpango wako wa nyumba." Abaayo ni dada, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. Akanikodolea macho kidogo.

Kisha akamgeukia Abdi.

Jamani! Mnajua Kisomali cha mwanamke anayeuza samaki soko la Kismayo? Hakina kona. Alimwambia Abdi kwamba hajawahi kumtaka Shee ahamie Kudha kwa nguvu. Anataka nyumba iezekwe na mlango utiwe kufuli ijulikane ina mwenyewe, na yeye aende na kurudi mpaka watoto wamalize shule hapa. Shee akitaka kubaki mjini na mashua zake, atabaki. Kitu asichokitaka ni kuambiwa "hatuendi" na kufungiwa mdomo, kwa sababu nyumba ni yake na miguu ni yake. Mara mbili nilifungua mdomo nitafsiri, nikakumbuka hakuna cha kutafsiri, nikaufunga.

Abdi alisikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza Somoe mambo ya maana sana: nani ataezeka, binamu anaaminika vipi, akienda samaki wake nani atamshikia. Maswali ambayo hakuwahi kuniambia nimuulize, kwa kuwa mimi nilimwambia amechoka, na mtu aliyechoka unamwambia apumzike.

Wakaondoka kabla ya adhuhuri. Mlangoni nilimshika Somoe mkono nikamuuliza habari ya Jumamosi. "Sijui, dada," akasema. Akarudia, "Sijui." Shee alikuwa amemtangulia ngazini, amesimama anamngoja, jambo ambalo sikumwona akilifanya zamani. Lakini mwanamume kumngoja mkewe ngazini si jawabu la kadhi.

Tulikula pamoja na Abdi, mikate ya anjera na samaki wa kukaanga, yeye amenuna. Nikamwambia ninachoweza kumwambia, yaani habari yangu mwenyewe: jinsi Kisomali kilivyonitoka hata yeye hayupo. Nikamuuliza siku zote alipokuwa ananisikiliza nikitafsiri, alikuwa anamwona Somoe ni mtu wa namna gani.

Akafikiri. Abdi hufikiri kweli, humwoni akijifanya. "Nilimwona mtu dhaifu," akasema. "Nikashangaa leo ametoa wapi nguvu."

"Na mimi unaniona nani?" nikamuuliza.

"Wewe unauliza sana," akasema, akanikatia kipande kikubwa cha samaki. Ugomvi ukaisha. Lakini alipokuwa ananawa mikono aliniambia, amenipa mgongo, kwamba baba yake hakuwahi kumwambia neno isipokuwa "jikaze," na kwamba yeye amewaambia wanaume wangapi neno hilo katika chumba chetu hataki hata kukumbuka. Hakungoja nijibu. Nadhani hakutaka.

Nilirudi nyumbani nikiwa na mchezo kichwani. Nilitaka nijisikilize jioni nzima, nijiwinde mwenyewe. Nina binti, Nuru, na mkubwa wake Athman. Baba yao yuko Mombasa kikazi. Nilipofungua mlango Nuru alikuwa amelala kwenye mkeka, nikamwita kama kawaida, "Nuru, ndoo mamangu." Ndoo ni njoo, kwetu. Akaja kujiegemeza. Halafu nikamsikia Athman uani, nikavuta pumzi nimwite, na neno lililokuja mdomoni lilikuwa "kaalay." Njoo, ya Kisomali. Ile ya nje. Nimekuwa nikimwita hivyo tangu sijui lini, labda tangu alipoanza kuota ndevu mbili tatu, nikidhani namtayarisha kwa mji huu usimwonee.

Nikalimeza. Nikaita, "Athman, ndoo babangu."

Akaja taratibu, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

Nikacheka, kisha sikucheka. Nikakumbuka mara ya mwisho nilipomwita hivyo ilikuwa siku ya msiba wa mama yangu. Nikamwambia hajafa mtu, aje tu akae. Akakaa, mbali kidogo, na simu yake. Baadaye akasogea. Sikumuuliza kitu, na nilivyo mimi, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko ya asubuhi.

Najiuliza mambo mengi jioni hii. Wanaume wangapi wamekaa kile kiti cha mlangoni nikawaandika moyoni kwamba ni wakaidi, na mimi ndiye niliyewafungia lugha yao? Wanawake wangapi nimewabembeleza mpaka wakasahau walikuja na hoja? Na ningekuwa mwanamume, nikiwa mshauri wa Somoe, ningemtafsiri vipi? Siwezi kujua. Nataka sana kujua.

Nilichoamua ni kidogo. Kikao kijacho, kwa yeyote atakayekuja, nitauliza kwanza: unataka kusema na nani kati yetu, na kwa lugha gani? Abdi atasema inavuruga utaratibu. Na uvurugwe.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kufunga, simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Somoe. Anazungumza kwa kunong'ona, nadhani yuko jikoni, nasikia sufuria.

"Dada, Jumamosi siendi kwa kadhi. Ila usimwambie Shee, nakuomba. Tangu alasiri anasema, na akijua siendi ataona yamekwisha, atanyamaza. Nataka amalize kwanza."

Ujumbe haukukatika hapo. Amesahau kuuzima. Sufuria inawekwa chini, nyayo zinaondoka, na kutoka chumba cha pili inasikika sauti ya mwanamume, ya chini, ya polepole, inayoendelea na kuendelea. Niliusikiliza mara moja. Maneno sikuyashika, nami sikuongeza sauti ya simu, mimi huyu. Nikaufuta. Hayo alikuwa anaambiwa Somoe.